Hiba ya Siku: Tusitala na Binti Aliyezaliwa Krismasi

Hati nyingi walizoziandika wageni katika visiwa vya watu, katika karne ya 19, zilikuwa ni hati za kuchukua. Zilichukua ardhi, zikachukua bandari, na nyingine zikachukua visiwa vizima pamoja na wenyewe. Ipo moja iliyokwenda kinyume na mkondo huo. Iliandikwa Vailima, katika kisiwa cha Upolu nchini Samoa, tarehe 19 Juni 1891, na ndani yake mtu anatoa kitu kilicho chake mwenyewe, tena kitu ambacho ni vigumu kusema kama kinaweza kutolewa. Mtoaji ni Robert Louis Stevenson, Mskoti, mtunzi wa mashairi na riwaya. Mpokeaji ni Annie Ide, msichana wa Vermont, Marekani, ambaye mtoaji alikuwa hajapata kumtia machoni. Kilichotolewa ni siku ya kuzaliwa.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa Stevenson. Riwaya yake ya maharamia na dhahabu iliyofukiwa ilifasiriwa tangu zama za ukoloni kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, na wako walioipenda hadithi bila kulishika jina la aliyeitunga. Huyu alizaliwa Edinburgh tarehe 13 Novemba 1850, katika ukoo wa wajenzi wa minara ya taa. Babu yake ndiye aliyesimamisha mnara wa Bell Rock juu ya mwamba unaofunikwa na maji kila bamvua na kila maji ya kawaida. Yeye alianza kusomea uhandisi akaushindwa, akasomea sheria akaruhusiwa kuwa wakili mwaka 1875, wala uwakili hakuufanya. Mapafu yake yalikuwa mabovu tangu utotoni. Aliandama hewa nzuri nchi kwa nchi mpaka ikamfikisha katika Bahari ya Pasifiki, na mwishoni mwa mwaka 1889 akashuka Apia, mji mkuu wa Samoa. Mwaka uliofuata alinunua shamba la zaidi ya ekari 300 juu ya mji, akalijenga. Wasamoa wakampa jina la Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi.

Samoa aliyoikuta ilikuwa ni nchi iliyokabwa na makaratasi. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1889 uliwapa Wajerumani, Waingereza na Wamarekani sauti ndani ya nchi ambayo kwa maneno ya mkataba huohuo ilikuwa huru. Mojawapo ya kazi zilizowekwa na mkataba ni kuunda tume ya ardhi yenye makamishna watatu, mmoja kwa kila dola, ili isikilize madai ya wageni waliosema wamenunua mashamba. Madai yalipojumlishwa ilionekana kwamba wageni wanadai ardhi inayozidi mara mbili ya eneo lote la visiwa vya Samoa. Maana yake ni kuwa shamba moja liliuzwa mara mbili, mara tatu, na watu wasiokuwa na haki ya kuliuza, kwa bunduki na risasi au kwa deni la dukani, na kila mnunuzi ana karatasi yake mkononi. Mwishowe tume ilikubali takriban asilimia 8 tu ya yaliyodaiwa.

Msomaji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Ni tarehe 1 Julai 1890, chini ya mwaka mmoja kabla ya hati ya Vailima, ambapo Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao kwao Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, ikaiacha na Witu, na yenyewe ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Wenye Heligoland hawakuulizwa. Samoa nayo iligawanywa mwaka 1899: Upolu na Savai'i kwa Mjerumani, Tutuila na visiwa vya mashariki kwa Mmarekani.

Kamishna wa Marekani katika tume ile ya ardhi alikuwa Henry Clay Ide, mwanasheria kutoka mji wa Saint Johnsbury. Siku moja, katika mazungumzo, Ide alimweleza Stevenson kilio cha binti yake. Annie alizaliwa tarehe 25 Desemba. Kila mwaka siku yake ilimezwa na sikukuu ya wote: zawadi moja ikahesabiwa mbili, karamu moja ikatumika mara mbili, na wageni waliokuja nyumbani hawakuja kwa ajili yake.

Kilio hiki kina historia yake, wala si cha watoto wote wa Kikristo wa zama zote. Injili hazitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Tarehe 25 Desemba inaonekana kwa mara ya kwanza iliyo wazi katika kalenda ya Rumi ya mwaka 354, na kwa hiyo Krismasi nayo ni siku ya kuzaliwa iliyowekwa kwa makubaliano ya watu. Wapo Waprotestanti waliokataa makubaliano hayo. Huko Massachusetts, koloni lililo jirani na nchi iliyokuja kuitwa Vermont, sheria ya mwaka 1659 ilimtoza faini mtu aliyeadhimisha Krismasi, na haikuondolewa ila mwaka 1681. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi Krismasi ya upande ule wa Marekani ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Ni katika karne ya 19 ndipo ilipogeuka kuwa sikukuu ya nyumbani, ya mti uliopambwa na soksi za zawadi, sikukuu ya watoto hasa. Mwezi wa Juni 1870 bunge la Marekani liliifanya kuwa siku ya mapumziko kwa watumishi wa serikali kuu mjini Washington. Annie alizaliwa baada ya sheria hiyo, katika kizazi cha mwanzo cha watoto wa Vermont walioikuta Krismasi ikiwa kubwa kiasi cha kuweza kumeza siku ya mtu. Lau angalizaliwa tarehe hiyohiyo katika Edinburgh ya utoto wa Stevenson, huenda asingalilia sana, kwani Kanisa la Uskoti liliipa Krismasi kisogo, na furaha ya nchi ile ilikuwa ni ya mwaka mpya. Krismasi haikuwa siku ya mapumziko rasmi Uskoti mpaka mwaka 1958.

Na kalenda nayo ina sehemu yake. Mtoto wa pwani ambaye kuzaliwa kwake kulihesabiwa kwa mwezi mwandamo hafungwi na msimu wala sikukuu ya jirani. Siku yake hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, ikapita kaskazini, ikapita kusi, na baada ya miaka 33 hivi imekwisha kuuzunguka mwaka mzima. Maulidi yenyewe, mwezi 12 Mfungo Sita, yaliifikia Krismasi mwaka 2015: yalisomwa tarehe 23 na 24 Desemba, mkesha wa sikukuu ya jirani, kisha yakaenda zake. Kalenda ya jua haina huruma hiyo. Aliyezaliwa tarehe 25 Desemba amefungwa hapo maisha yake yote.

Isipokuwa afunguliwe. Stevenson aliporudi kwenye meza yake aliuchomoa uwakili wake uliolala miaka 16, akaandika hati ya kuhaulisha mali.

Hati hiyo inasomeka kwa utaratibu kamili wa mahakama. Kwanza mtoaji anajitambulisha kwa vyeo vyake, vya kweli na vya mzaha: wakili wa Uskoti, mtunzi wa vitabu, mhandisi aliyekwama, mmiliki pekee wa jumba na shamba la Vailima. Anathibitisha kuwa akili yake ni timamu, na mwili wake, anashukuru, si mbaya. Kisha anaeleza sababu. Annie amezaliwa Krismasi kinyume cha mantiki, na kwa hiyo amenyimwa kinyume cha haki faraja na faida ya siku ya kuzaliwa iliyo kamili. Yeye mtoaji amefikia umri ambao watu hawautaji, wala hana tena haja na siku ya kuzaliwa ya namna yoyote. Alikuwa na miaka 40. Tena amekutana na baba wa msichana, akamwona kuwa ni kamishna wa ardhi anayemtosha. Sifa aliyompa hapo kwa Kiingereza ni neno la rangi ya ngozi, ambalo kwa mazungumzo ya siku zile lilimaanisha mtu mwaminifu. Leo neno hilo linakwaruza, na katika nchi ya Wasamoa lilistahili kukwaruza hata wakati ule.

Kwa sababu hizo anamhaulishia Annie haki zake zote katika tarehe 13 Novemba, ili aimiliki na kuistarehea kama ilivyo ada: kwa kuvaa nguo nzuri, kula vyakula vya anasa, kupokea zawadi, salamu na mashairi. Mshairi hakusahau kuuweka ushairi katika orodha ya haki.

Fundi wa sheria wa pwani akipewa karatasi hii ataiita hiba, na ataipima kwa mizani ya hiba. Je, mtoaji ana akili? Amethibitisha, na mashahidi wawili wametia saini, mmoja wao Lloyd Osbourne, mwanawe wa kambo. Ipo ijabu, yaani tamko la kutoa? Ipo, tena kwa maneno yasiyo na shaka. Kabuli itasubiri meli ya barua. Lakini hapa kadhi atavua miwani: kitu chenyewe kinamilikiwa? Siku si shamba wala si mnazi. Tarehe 13 Novemba ni ya kila aliyezaliwa siku hiyo na ya kila asiyezaliwa. Kinachoweza kusemwa ni kuwa mtu hamiliki siku, bali anamiliki nafasi yake katika siku, yaani ile haki ya kusimama mbele ya watu wake mara moja kwa mwaka wakamwambia kuwa wamefurahi amekuwapo. Haki hiyo haitoki mbinguni wala katika kalenda, hutoka kwa watu. Wakiamua kumpa Novemba badala ya Desemba, basi Novemba ni yake. Mzaha wa Stevenson umesimama juu ya ukweli huo, na ndiyo maana haujachakaa.

Masharti ni mawili. La kwanza, Annie aongeze jina la Louisa katika jina lake, angalau faraghani. La pili, aitumie siku hiyo kwa kiasi na kwa utu, kama binti mwema wa nyumba, maana si siku changa tena, nayo imemchukua mwenyewe vizuri tangu alipoanza kukumbuka mambo. Akivunja sharti lolote, hiba inafutika, na siku inahamia kwa Rais wa Marekani atakayekuwapo madarakani.

Sharti la pili linachekesha mpaka msomaji akumbuke ni nani anayeandika. Mtu huyu alitapika damu mara nyingi, na zaidi ya mara moja madaktari walimkatia tamaa. Kila tarehe 13 Novemba aliyoifikia ilikuwa kama jahazi bovu lililoingia bandarini. Anaposema kuwa siku hiyo imemchukua vizuri, anakishukuru chombo kabla ya kukikabidhi kwa nahodha mwingine.

Katika barua ya kumpelekea Ide hati hiyo, Stevenson alijisifu kuwa ameichanganya sheria ya Uskoti, ya Uingereza na ya Rumi bila ubaguzi. Alikuwa kama anayewaiga mawakili wa Apia. Katika mji ambamo kila mgeni alikuwa na karatasi ya kudai kisichokuwa chake, alimwandikia mmoja wa waamuzi wa karatasi hizo karatasi ya kutoa kilichokuwa chake. Haifai kumfanya malaika. Yeye naye alikuwa mgeni mwenye hati ya shamba, na jumba lake lilisimama kwa jasho la Wasamoa. Lakini aliyaona yaliyokuwa yakitendeka, akayaandika katika kitabu chake juu ya machafuko ya Samoa kilichotoka mwaka 1892, kitabu kilichowaudhi maofisa wa dola zilizohusika.

Kabuli ilifika. Annie aliandika barua ya kushukuru, akatia picha yake na ya dada yake, na Stevenson akamjibu mwezi wa Novemba 1891, akimwita Louisa. Katika jibu hilo limo jambo linalomgusa hasa mfasiri. Stevenson anasema kuwa sasa wao wawili ni jamaa wa karibu, lakini hajui waitane nani, kwa sababu kesi kama hii haijapata kutokea. Ndipo akajiundia neno, akamwita binti wa jina, na yeye mwenyewe akawa baba wa jina. Kiingereza kilimlazimisha kuunda. Kiswahili kinalo neno siku zote: somo. Anayechukua jina lako ni somo yako, nawe ni somo yake, na usomo ni udugu wenye haki zake, wa kuulizana hali, kupelekeana zawadi na kusitiriana aibu. Tena neno hilohilo huitwa mtu anayemfunda kijana mambo ya maisha. Hapana neno la Kiingereza linalozibeba maana hizo mbili kwa pamoja, na Louis na Louisa walizihitaji zote mbili. Jina lenyewe, kwa kuongezea, halikuwa na asili safi: alibatizwa Lewis, na alipokuwa kijana likaanza kuandikwa Louis kwa namna ya Kifaransa huku likitamkwa vilevile. Aliyejua kuwa jina laweza kubadilishwa hakuona ajabu kubadilisha siku.

Katika jibu hilo alimhakikishia pia kwamba tangu hati ilipoandikishwa hakuzaliwa tena Krismasi, na kwamba amepungua umri kwa mwezi mmoja na siku 12. Hesabu ya siku ni sahihi, mwelekeo sio. Novemba hutangulia Desemba, na anayesogezwa kutoka 25 Desemba kwenda 13 Novemba ya mwaka uleule huongezeka umri. Ama mshairi hakujua, ama alijua kuwa zawadi ya kuzeeka haimpendezi msichana. Juu ya nafsi yake, alisema huenda akaishi milele kwa kutokuwa tena na siku ya kuzaliwa, na huenda akavunjika vipande ghafla. Hakujutia.

Samoa yenyewe ilikuwa karibu kuonyesha kuwa siku ni mali ya makubaliano. Wakati hati ilipotiwa saini, visiwa vilihesabu tarehe pamoja na Australia na Asia, kwa hiyo 19 Juni ya Vailima ilikuwa bado 18 Juni huko Vermont. Mwaka 1892, kwa kuwapendeza wafanyabiashara wa San Francisco, serikali ya Mfalme Malietoa Laupepa ilihamishia nchi upande wa tarehe wa Marekani, na ili hesabu ikae sawa, tarehe 4 Julai ikahesabiwa mara mbili. Nchi nzima ilipewa siku moja ya ziada. Ilirudishwa baada ya miaka 119, biashara ilipogeukia Australia na New Zealand: Alhamisi ya tarehe 29 Desemba 2011 ilifuatwa na Jumamosi ya tarehe 31. Samoa haikuwa na tarehe 30 Desemba mwaka ule. Waliozaliwa siku hiyo, ambao tayari walikuwa wameminywa baina ya Krismasi na mwaka mpya, mwaka 2011 hawakuwa na siku kabisa, wala Tusitala hakuwapo wa kuwaandikia hati.

Ide alirejea Samoa mwaka 1893 akiwa Jaji Mkuu, na binti zake wakaja pamoja naye. Mwezi wa Oktoba 1894 machifu waliofungwa kwa sababu za kisiasa, ambao Stevenson aliwalisha na kuwatetea gerezani, walifungua barabara ya kwenda nyumbani kwake kwa mikono yao wenyewe, wakaiita njia ya mioyo yenye upendo. Tarehe 13 Novemba ikapita. Jioni ya tarehe 3 Desemba 1894, akiwa amesimama ukumbini na mkewe, alishika kichwa, akaanguka, na baada ya saa chache akafariki. Ilikuwa siku ya 20 tangu siku ya kuzaliwa aliyoitoa, na zilikuwa zimebaki siku 22 kuifikia ile aliyomwondolea mwenzake. Siku ya pili yake Wasamoa walifyeka njia kwenye msitu wa mlima Vaea, wakampandisha mabegani mpaka kileleni, wakamzika.

Annie Ide aliolewa mwaka 1906 na William Bourke Cockran, mbunge wa New York aliyesifika kwa ufasaha wa kusema. Baba yake, mwaka huohuo, alikuwa Gavana Mkuu wa Ufilipino, visiwa vingine vilivyopita kutoka mkono wa Hispania kwenda mkono wa Marekani kwa mkataba, na kwa dola milioni 20. Hapana Rais wa Marekani aliyepata kuidai tarehe 13 Novemba.